Mizani ya Sauti

Mtu akifa huacha nguo zake, jembe lake na madeni yake, na vyote hivyo huweza kuhesabiwa mbele ya warithi. Sauti yake huondoka naye, ila kama ilibahatika kuandikwa mahali. Santuri ni mahali pamoja pa namna hiyo. Katika mfuo mwembamba uliozunguka sahani nyeusi toka ukingoni hadi karibu na katikati, tendo la mkono wa mtu aliyekwisha kuiaga dunia hulala likingoja sindano. Laweza kungoja miaka hamsini bila ya kudai chakula wala kodi. Lakini siku anapotokea mrithi wa kuliamsha, ndipo ajuapo kwamba kuamsha sauti si kazi ya sindano peke yake.

Mrithi wa namna hiyo alikuwako Igoma, kata iliyo kando ya barabara itokayo Mwanza mjini kwenda Musoma. Alikuwa fundi wa redio na vyombo vya sauti, mtu wa miaka thelathini na mitano, na kibanda chake kilikaa kati ya duka la saruji na karakana ya wachomeleaji wa mageti. Baba yake alikuwa abiria wa meli ya MV Bukoba, iliyopinduka tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza kutoka Bukoba. Mamia ya watu walikufa siku ile. Wengine waliotolewa majini hawakutambuliwa na jamaa zao, wakazikwa Igoma katika makaburi ya pamoja. Jamaa ya fundi huyu haikumpata mtu wao kati ya maiti walioonyeshwa. Kwa hiyo tangu mwaka ule imemhesabu kuwa mmoja wa wale waliolala pale bila ya jina. Mtoto alikuwa na umri wa miaka sita. Alikumbuka shati la baba yake na harufu ya sabuni yake, lakini sauti hakuikumbuka hata kidogo.

Kilichobaki kilikuwa santuri moja ya inchi saba, iliyohifadhiwa na baba yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ilifungwa katika kitambaa na kulazwa chini ya sanduku la bati. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imebanduka, na jina la kundi lilikwenda pamoja nayo. Mzee alijua tu kwamba ilikanyagwa Nairobi, kabla ya mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa mwaka 1977, wakati mdogo wake alipokuwa kijana akipiga muziki wa dansi na wenzake. Kundi halikudumu. Zaidi ya hayo, marehemu hakuwa mwimbaji. Alipiga gitaa la besi, chombo ambacho wachezaji hukitii kwa miguu na wasikilizaji husahau kukitaja.

"Baba mkubwa, shikamoo," fundi alisema siku alipokwenda kuiomba.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuichukua?"

"Nimekuja kuiazima. Nataka niinakili kwenye kompyuta kabla haijaharibika."

Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Masikio yangu yanakwenda. La kushoto limekwenda tayari. Kama unaweza kunisikilizisha tena mara moja, fanya upesi."

Hivyo kazi ilikuwa na muda wake, na muda huo haukuwekwa na fundi. Tena ilikuwa na hatari yake. Kila sindano ipitapo katika mfuo hula chembe ya mfuo huo, hata ikiwa nzuri na nyepesi namna gani. Santuri iliyopigwa mara nyingi ujanani haiwezi kuchezewa uzeeni. Hapakuwa na nafasi ya kujaribu ovyo.

Kinanda cha santuri alikuwa nacho, kilichotumika Ulaya na kuletwa katika mitumba. Sahani ilizunguka sawasawa, mkono ulikuwa mzima, na kichwa cha sindano kilikuwa cha aina ya sumaku itembeayo, ambayo ni aina ya kawaida. Alikisafisha, akakiunganisha na kikuza sauti cha awali kwa waya zake za kawaida, na kikuza sauti akakiunganisha na kompyuta. Kabla ya kuigusa ile santuri ya urithi aliweka nyingine isiyo na thamani. Muziki ukatoka, lakini chini yake ukatoka mvumo mzito usiokoma, kama mdundo wa mashine ya kusaga iliyo nyumba ya tatu.

Mvumo huo wajulikana na kila fundi. Umeme wa majumbani Tanzania hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, na waya zake zimetanda kila ukuta. Chochote kilicho dhaifu kikipita karibu nao huambukizwa. Na umeme wa kichwa cha sindano ni miongoni mwa ulio dhaifu kabisa katika vyombo vya sauti. Kichwa cha aina ile hutoa kama volti tano kati ya elfu moja, na vipo vya aina nyingine, vya koili itembeayo, vitoavyo chini ya nusu ya elfu moja. Kinong'ono hiki hakina budi kukuzwa mara mia au zaidi kabla hakijaweza kusukuma kitu, na uchafu ulioingia njiani hukuzwa pamoja nacho.

Tena kuna jambo la pili, nalo ndilo baya zaidi kwa mtu atafutaye besi. Wakata santuri hawaandiki besi kwa nguvu yake yote, maana mfuo ungeyumba mno ukaingia katika mfuo jirani. Huipunguza besi na kuzidisha sauti nyembamba, kwa kanuni ambayo kampuni za Marekani zilipatana juu yake mwaka 1954 na ambayo baadaye ilienea duniani. Kikuza sauti cha awali huigeuza kanuni hiyo: hupunguza nyembamba na kuinua besi. Penye mizunguko 50 kwa sekunde huinua mara saba kupita kiasi kiinuliwacho penye mizunguko 1000. Mvumo wa umeme umekaa mahali hapohapo. Basi chombo kilichoundwa ili kuirudishia besi haki yake ndicho kinachoulisha na mvumo.

Fundi hakushtuka. Katika kompyuta kuna programu za kuchuja sauti, na kukata mizunguko 50 ni kazi ya dakika moja. Aliiweka ile santuri ya urithi kwa mara ya kwanza, akainakili, akakata mvumo. Ukanyamaza. Ngoma zikasikika, magitaa mawili yakasikika, mwimbaji akasikika. Lakini besi ilikuwa kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele: ilitamka baadhi ya noti na nyingine ikazimeza. Alirudi katika nakala isiyochujwa akasikiliza kwa makini. Akagundua kwamba kila wimbo ulipotulia juu ya noti yake ya msingi, mvumo ulianza kupanda na kushuka polepole, kama mara moja kwa sekunde, mfano wa mtu apumuaye usingizini.

Wapigaji na mafundi wajua maana ya dalili hiyo. Sauti mbili zinazokaribiana sana zikilia pamoja, hupatana na kugombana kwa zamu, na idadi ya magomvi katika sekunde moja ni tofauti ya mizunguko yake. Gitaa la besi lina uzi mnene kupita zote. Mpigaji akiubonyeza mahali pa tatu, hupata noti ya mizunguko 49. Wimbo ulikuwa umejengwa juu ya noti hiyo. Baba yake alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka mahali pa mvumo wa umeme, na chujio lililoufukuza mvumo lilimfukuza na yeye.

Hapo kazi ilibadilika. Hapakuwa tena na njia ya kuuondoa mvumo baada ya kuingia, maana ulikuwa umevaa sura ya yule anayetafutwa. Ilipasa uzuiwe mlangoni.

Alifanya kwanza yale yafanywayo na wengi. Alikisogeza kinanda mbali na transfoma ya kikuza sauti. Alingoja usiku, wachomeleaji walipokwisha kufunga karakana yao. Aliitoa kompyuta katika umeme wa ukutani akaitumia kwa betri, na mvumo ukapungua kama nusu. Maana sehemu moja ya mvumo ilitokana na vyombo viwili kushika ardhi kwa njia mbili, zikafanya mzingo mmoja ambao umeme ulizunguka ndani yake. Rafiki yake mmoja alimshauri akate waya wa ardhi katika plagi ya kikuza sauti. Alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Waya huo umewekwa ili uokoe roho ya mtu siku chombo kinapoharibika, na hakuna wimbo ulio na thamani ya roho. Nusu ya mvumo ilibaki.

Yafaa sasa kueleza waya za kawaida zilivyo. Kila waya ina uzi mmoja katikati, na nje yake ala ya nyuzi za shaba iliyouzunguka. Uzi wa katikati hubeba sauti kwenda, na ala hufanya kazi mbili: hurudisha sauti, na papo hapo huwa ukuta wa kuzuia uchafu na njia ya kushika ardhi. Aliyepewa kazi ya mlinzi ndiye aliyepewa na kazi ya mjumbe. Uchafu anaoukamata mlinzi huchanganyika na ujumbe anaoubeba. Kwa waya fupi iliyo nzima, mbali na mitambo, madhara ni madogo, na maelfu ya watu husikiliza santuri zao kwa njia hiyo bila ya kulalamika. Lakini Igoma, kando ya karakana, kwa kutafuta noti iliyo jirani ya mvumo, madhara hayakuwa madogo.

Njia nyingine ni ya zamani kuliko redio. Mafundi wa simu waliihitaji tangu mwanzo, kwa sababu waya zao zilikwenda maili nyingi kando ya waya nyingine, na Alexander Graham Bell alipata hati ya uvumbuzi wa waya mbili zilizosokotwa pamoja mwaka 1881. Maikrofoni za makanisani na kumbi za harusi hutumia asili hiyohiyo mpaka leo. Sauti hubebwa na nyuzi mbili zilizo sawa, na ala ya nje haibebi sauti hata kidogo. Kazi yake ni ulinzi tu. Chombo cha kupokea hakipimi uzi mmoja kwa ardhi, bali hupima tofauti iliyopo kati ya nyuzi mbili.

Mtu wa ziwani aweza kulielewa jambo hili bila ya kitabu. Wavuvi wawili wameketi katika mtumbwi mmoja. Mtu aliye ufukoni akimtazama mmoja wao peke yake, humwona akipanda na kushuka kwa kila wimbi, wala hawezi kujua kama mvuvi amesimama au ni ziwa lililomwinua. Lakini wavuvi wakitazamana wao kwa wao, wimbi halina habari nao, kwa kuwa limewainua wote sawa. Mmoja akiinuka kweli, mwenzake humwona mara moja. Uchafu wa umeme ni wimbi. Hupiga nyuzi zote mbili sawasawa, na apimaye tofauti kati yao haoni kitu. Sauti ya santuri ndiyo peke yake inayoupeleka uzi mmoja juu wakati mwingine ukienda chini.

Kilichomstaajabisha fundi ni kwamba kichwa cha sindano kilikuwa tayari kwa mpango huo tangu kilipoundwa. Ndani yake mna koili mbili, moja ya sauti ya kulia na moja ya kushoto, na kila koili ina ncha mbili zisizodai kushika ardhi. Nyuma yake mna pini nne. Katika mkono hupita nyuzi nne nyembamba mno: nyekundu na kijani za upande wa kulia, nyeupe na buluu za upande wa kushoto. Usawa ulikuwapo njia nzima mpaka chini ya kinanda, na hapo, katika kipande kidogo cha kuunganishia, nyuzi za kijani na buluu zilikuwa zimefungwa katika ala. Usawa uliuawa pale, hatua chache kabla ya kufika.

Alizifungua. Alileta waya za maikrofoni, ambazo dukani Mwanza hazikosekani, akalehemu nyuzi za kila upande katika jozi yake iliyosokotwa, na mwisho wa kila waya akatia plagi ya pini tatu. Chuma cha mkono alikipa waya wake mbali kwenda katika bodi ya kikuza sauti. Bado mvumo haukuisha, akatafuta tena, akaona nyuma ya kichwa cha sindano kijibamba kidogo kilichounganisha pini ya kijani na ganda la chuma. Vichwa vingine vya aina hiyo vina kijibamba kama hicho. Alikiondoa.

Kikuza sauti cha kupokea tofauti hakuwa nacho, akaunda. Hapa ndipo alipojifunza kwamba jina la usawa haliwi usawa. Wako wauzaji wasifuo kifaa kwa plagi zake, kana kwamba pini tatu zina baraka ndani yake; na wako wadhanio kwamba lazima nyuzi mbili zibebe sauti zenye nguvu sawa na zilizopingana. La lazima ni moja: kila uzi ukutane na kizuizi kilicho sawa na cha mwenzake, ili wimbi liwainue kwa kimo kimoja. Mpango mwepesi wa kupima tofauti hutumia rezista nne. Kila moja ikikosea kwa sehemu 1 katika 100, na makosa yakaelekea upande mbaya, mvumo hupita kwa sehemu 1 katika 50. Yakipunguzwa hadi sehemu 1 katika 1000, hupita sehemu 1 katika 500. Fundi alinunua rezista za bei ya chini, pakiti nzima, akaketi usiku mbili akizipima moja moja kwa mita na kuzipanga katika jozi. Kisha akaweka rezista ya kurekebishia, akatia mlio mmoja katika nyuzi zote mbili kwa pamoja, na akazungusha bisibisi polepole hadi mlio ulipopotea. Wapigaji wa vyombo hutafuta sauti wanapopatanisha. Yeye alipatanisha kwa kutafuta kimya.

Usawa hauwezi yote. Mvumo ukiingia kwa njia ya sumaku ndani ya koili zenyewe za kichwa cha sindano, huonekana kuwa ni sauti halali, wala nyuzi mbili haziwezi kuutenga. Kwa hiyo transfoma ilibaki pembe ya mbali ya chumba, na mstari mwembamba wa mvumo ulibaki katika kioo cha kompyuta.

Mzee aliitwa siku ya Jumapili jioni. Aliketi akaligeuza sikio lake la kulia upande wa spika. Fundi aliifuta santuri, akaiwasha kompyuta kunakili, akaishusha sindano. Magitaa yaliingia, kisha ngoma, na chini yake, pale palipokuwa na mvumo tangu mwanzo, paliingia noti nzito, ya mviringo, iliyoshikwa na kuachwa na kidole cha mtu.

Mzee hakulia, kama fundi alivyokuwa amejiandaa. Alikunja uso.

"Anachelewa," alisema.

"Nani, baba mkubwa?"

"Baba yako. Sikiliza. Ngoma inapiga, yeye anakuja baadaye kidogo. Kila wimbo hivyohivyo. Nilimwambia mara ngapi! Akanijibu, mimi siwakimbilii, wao watanisubiri."

Fundi alisikiliza. Ilikuwa kweli. Noti iliwasili nyuma ya ngoma kwa kiasi kidogo sana, na wimbo mzima ulikuwa umejifunza kuingoja. Katika miaka karibu thelathini aliambiwa kwamba baba yake alikuwa mtu mwema, kama waambiwavyo yatima wote. Hakupata kuambiwa kwamba alikuwa mkaidi. Wema wawezekana kuzuliwa na jamaa kwa huruma. Uchelewaji ule haukuzuliwa na mtu. Ulikuwa katika mfuo.

Wimbo ulipokwisha, mzee alisema, "Basi. Usiipige tena." Santuri ikarudishwa katika kitambaa chake, na nakala ikawekwa mahali patatu mbalimbali.

Yamkini jambo hili lina mafunzo nje ya ufundi. Kelele mbaya kupita zote ni ile inayokaa karibu na kipenzi na kufanana naye, na aifukuzaye kwa hasira huwafukuza wote wawili. Mizani haifukuzi mtu. Hukiacha kilicho cha wote wawili kijifute chenyewe, na kilicho cha mmoja hukiacha kipite.

Ule mstari mwembamba wa mvumo uliobaki katika nakala, fundi angeweza kuukata kwa kompyuta usiku uleule. Alipima ungechukua kiasi gani cha noti, akaona ni kidogo sana, pengine kisichosikika. Akauacha.